Ubao wa Mtaa Wetu

Siku hizi kila mtaa una ubao wa taa pale kona, unaoonyesha kwa kila watoto mia waliozaliwa, mimba ngapi zimetoka. Iliyotolewa au iliyotoka yenyewe, ubao hauchagui. Kipimo kimefungwa chooni katika kila nyumba, na kinajua mapema kuliko mume.

Yangu ilitoka yenyewe mwezi wa mfungo. Namba ikapanda, watu wakanong'ona wakitaka kujua ni nani. Hawakujua ni mimi.

Leo jirani yangu Mwanakombo kajifungua, nikampelekea uji wa pilipili manga. Chumba kizima kilikuwa kicheko.

"Shoga, umeona? Namba imeshuka!" akasema. "Mwanangu kaja na heri zake. Hebu mpakate."

"Wakija wengine kama huyu," mama mkwe wake akadakia, "utadhani hapa mtaani haijapata kutoka mimba."

Nikampakata. Alikuwa wa moto, ananukia maziwa, na nilimpenda, kweli nilimpenda. Ila wangu hana kaburi wala jina. Anapoonekana ni pale kwenye ubao tu, na kila anapozaliwa mtoto wa mwenzangu, wangu anazidi kuwa mdogo.

"Mbona macho yamejaa, shoga?"

"Nimezidisha pilipili manga."

Nilipotoka, vigelegele vilikuwa bado havijaisha. Nikasimama chini ya ubao nikiutazama, kama mtu aliyemsindikiza mgeni mpaka njiani na hataki kurudi ndani.