Kamati ya Kumpima Dahir

Siku hiyo mjinga wa Garsen alikuwa mmoja tu, Mwalimu Mramba, na mwenyewe hakatai. Ukimsikia anavyoisimulia utadhani alipandishwa cheo.

Wazee watatu walishuka kwenye lori la Hola, wakakung'uta vumbi, wakaulizia nyumba ya mwalimu aliyemsomesha Dahir. Mramba aliwaona dirishani, akachomoa koti lake la harusi na kulivaa juu ya kikoi.

"Nyevu," alimwita mkewe, "injika chai, maziwa usiyaonee huruma. Kamati imefika."

Kamati hiyo Garsen nzima ilikuwa ikiingoja. Dahir alikuwa kijana wa kwanza wa hapo kumaliza sekondari kule Mombasa, na maombi yake ya kuingia Makerere yalikwisha kwenda. Ilivuma kwamba wilaya ingetuma watu wa kumchunguza kabla ya kumpendekeza. Na jana yake Dahir mwenyewe alikuja amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Mwalimu, kuna wazee wanakuja kuuliza habari zangu. Nisifu. Wakinikataa sijui nitaishi vipi." Akaondoka macho chini, hata hakungoja jibu.

Mramba aliapa kwamba mtoto huyo atafika Makerere hata ikibidi ambebe mgongoni. Yeye mwenyewe elimu aliipata kwa kudokoa, huku mbuzi na huku bakora, na alijua utamu wa kitu unachonyimwa.

Wageni wakaketi. Mzee Hirsi, mwenye ndevu za hina, alikunywa chai kwa kituo, akayasifu maziwa, akauliza habari za mvua, za mto, za malisho ya Ndera. Mramba alikuwa kama aliyekalia miiba.

"Watu wa ofisi hawa," alimnong'oneza mkewe alipokuja kuongeza chai. "Wanakupima kwa kukuchosha."

"Waulize kwanza wametumwa na nani."

"Kamati haiulizwi, mama. Kamati inauliza."

Hatimaye Mzee Hirsi akaweka kikombe chini. "Huyu Dahir. Tabia yake?"

"Mpole, mzee wangu. Mpaka mbu wa Tarasaa wanaona haya kumuuma."

"Afya?"

"Simba."

"Meno?"

Hapo Mramba alisita kidogo. Lakini yeye jeshi lilimhesabu meno kabla ya kumpeleka Burma kupigwa risasi. Sembuse chuo kikuu. "Yapo yote," alisema, "na yanang'aa."

"Ukoo wa mama yake tunaujua. Akili je?"

Mramba akafurika kama mto Tana. "Akili? Huyu hapendi kitu duniani ila kitabu. Mletee msichana mzuri kama mwezi, atamwuliza kama amemaliza hesabu zake."

Wazee wakatazamana.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe anawajua kwa picha. Mpe kamba ya ndama leo, kesho utatafuta ndama, kamba na Dahir mwenyewe."

Mzee mwingine alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Akienda huko mbali," Mzee Hirsi aliuliza taratibu, "atakaa sana?"

"Miaka. Akitoka Kampala, Uingereza. Nyumbani hakumvuti hata kidogo. Wazee wangu, mkishampa nafasi, msahau kumwona."

"Unasema kweli, mwalimu?"

"Kweli tupu. Akikosa huyu, basi wakifunge chuo chao wafugie kuku."

Mzee Hirsi aliinuka, akaushika mkono wa Mramba kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana. Umetusaidia. Mtu mwingine angetuficha."

Mramba nusura acheze hapo hapo, koti na kikoi chake. "Kwa hiyo mtampendekeza?"

"Sisi? Mambo ya chuo waulize wenye chuo. Mimi nilikuja kuona kama anafaa kumwoa binti yangu Hibo."

Nyevu aliinamia jiko ghafla, mabega yakimtikisika.

Wageni walikwisha fika kwenye lori Mramba alipowakuta, koti likipepea, kikoi akikishikilia. "Mzee, ngoja. Ng'ombe anawapenda yule, anakamua macho amefumba. Na wasichana pia anawapenda. Yaani, Hibo peke yake. Vitabu ndivyo anavyosoma kwa kulazimishwa."

Mzee Hirsi alishika ubavu wa lori.

"Sasa kosa langu liko wapi?" Mramba alilalama. "Mmekunywa chai yangu birika zima, mmeuliza hadi malisho ya Ndera, posa hamkuitaja. Mngesema tu mapema, mimi ningewajibu vizuri."

Mzee Hirsi alitia mguu mmoja kwenye lori.

"Ndiyo maana hatusemi."