Wanja wa Fahali

Dorkasi alimshika fahali wa bwana mkubwa pembe, akamwinamisha kichwa, akaanza kumpaka wanja.

Wanja wenyewe aliuomba kwa Mwanahawa, mke wa mfanyabiashara wa Kondoa aliyehamia Nzuguni mwaka ule reli ilipofika Dodoma. Mwanahawa aliuleta pamoja na kijiti chake, akasimama nje ya zizi ameziba mdomo kwa kanga.

"Shoga, nimepamba maharusi wengi," alisema. "Mwenye pembe sijawahi."

"Cheka tu. Atakayechapwa si mumeo."

Mwanahawa akaacha kucheka.

Fahali yule alishushwa kwenye treni mwaka uliopita, mwekundu mwili mzima, ila uso wake ulikuwa mweupe hadi kwenye kope. Bwana mkubwa wa boma alimweka kwa Yotham, mume wa Dorkasi, awapande ng'ombe wa pale kijijini. Kwa Wagogo kuwekewa ng'ombe si jambo geni. Unamtunza, unakunywa maziwa, akiugua unampelekea mwenyewe habari, akifa unampelekea ngozi, na yameisha, mnabaki ndugu. Bwana mkubwa hakuwa na desturi hiyo. Alisema fahali akipata kilema, ng'ombe wote saba wa Yotham wataingia boma, na Yotham mwenyewe atalala chini apigwe hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano hivyo, si heshima.

Tena alisema aina ile haiugui ugonjwa wa huku. Alikwisha kuandika hivyo kwa wakubwa wake Ulaya.

Ugonjwa ulikuja na upepo wa kiangazi. Dorkasi aliuona siku ya kwanza: mstari mmoja wa chozi kwenye shavu jeupe. Chozi likaita nzi. Nzi wakaita wenzao. Vumbi nalo halikukawia. Kisha fahali, kwa ulafi wake, akachomeka kichwa kwenye lundo la mabua ya mtama, makapi yakamwingia jichoni, basi kazi ikakamilika. Ndama wawili wakaambukizwa, wakapona baada ya wiki tatu. Ng'ombe wakubwa wenye nyuso nyeusi, waliolala zizi lile lile na kunywa kisima kile kile, hata tongo hawakupata.

"Jua linamuunguza kope," Dorkasi alimwambia mumewe. "Hawa wetu Mungu aliwapaka weusi. Huyu alimsahau."

"Basi mwambie Mungu arudi amalizie kabla bwana mkubwa hajaja."

Dorkasi alimwosha macho kwa maji ya chumvi, akamfungia ndani ya tembe mchana kutwa, akawasha samadi kavu ili moshi ufukuze nzi. Alikuwa amechelewa. Macho yote mawili yalikuwa meupe kama ute wa yai lililochemshwa.

Wanja ulikuwa wa kuficha wekundu wa kope. Weupe wa mboni hauna wanja. Kwa huo Dorkasi alikuwa na njia nyingine: mwezi mzima alimzoesha fahali kufuata kengele aliyomfunga mtamba wake shingoni. Mtamba akienda, fahali anakwenda. Mtamba akisimama, fahali anasimama. Hajikwai wala hagongi nguzo.

"Bwana mkubwa asikaribie tu," Yotham alisema. "Hatua kumi, ataona fahali anatembea, ataondoka."

"Mwaka jana aliona kupe nyuma ya sikio, naye yuko juu ya nyumbu."

"Ndiyo maana nasema asikaribie."

Bwana mkubwa alifika jua likiwa la saa nne. Alikuwa juu ya nyumbu wake, chotara wa punda na farasi, askari ameshika hatamu. Alivaa miwani myeusi, maana vumbi la mwaka ule halikuchagua mtu, na kila mara alijipangusa shavu kwa kitambaa. Alishuka taratibu, askari akamshika mkono, kama mabwana wapendavyo kushikwa.

"Yotham na mkewe wako mbele yako, bwana mkubwa," askari alisema.

"Shikamoo, bwana mkubwa," wakasema wote wawili.

"Fahali wangu wapi?"

"Anakuja, bwana mkubwa."

Dorkasi akamfungulia mtamba. Alikuwa mtamba mwekundu, mwenye uso mweusi tii na shingo nyembamba. Kengele ikalia. Fahali akatoka zizini nyuma yake, kichwa juu, anatembea kama mwenye nchi. Mtamba akazunguka uwanja, fahali akazunguka. Mtamba akasimama hatua kumi kutoka kwa wageni, fahali akasimama. Yotham akapumua.

Kengele ikalia tena kidogo. Ndipo bwana mkubwa alipouachia mkono wa askari, akaifuata moja kwa moja.

Yotham alifumba macho. Dorkasi hakufumba. Aliwaaga ng'ombe wake saba kimoyomoyo, mmoja mmoja kwa jina lake, na alipofika kwa wa tano bwana mkubwa alikuwa amekwisha kufika. Alipita sentimeta chache kutoka pua ya fahali. Akanyoosha mkono, akampapasa mtamba kipaji cha uso, akashuka kwenye kope, akazipitishia kidole gumba, za kushoto, kisha za kulia, polepole kama mganga.

"Kavu," alisema. "Safi kabisa. Mimi nilisema, nikaandika. Na uso huu, angalieni! Mweupe kama maziwa."

Mtamba akamlamba kiganja. Dorkasi akamtazama askari, na askari akamtazama Dorkasi.

"Ndiyo, bwana mkubwa," askari akasema. "Kama maziwa."