Keki ya Kumuaga Darlene

"Bado tu?" mkuu wa idara alimuuliza Darlene huku akila keki waliyokata kumuaga.

Darlene alikuwa amemaliza kunakili mfumo mzima wa pensheni za wazee wa mji wa Endicott, ili nakala ikabidhiwe kampuni iliyochukua kazi yake. Zilibaki diski chache za kubadilisha majina.

"Bado kidogo. Nakala imetoka na majina yaleyale ya diski za asili, sasa ukiiwasha..."

"Majina, majina! Nakala ni nakala, bibi wewe. Miaka yote unatutisha na hilo limashine lako kama umelizaa." Akamsukuma pamoja na kiti chake. "Hebu niiwashe mwenyewe."

Kidole chake kilikuwa kimejaa krimu ya pinki ya keki. Kilielea juu ya kitufe. Sentensi moja tu ingekizuia: nakala ikikuta diski mbili zenye jina moja, hushika ile inayoiona kwanza, na itakayoiona kwanza ni ya wazee, inayotumika saa hii. Itaanza kuandika juu yake na kufuta kila kilichomo.

Darlene akafungua kinywa.

"Na kadi ya mlangoni uiache hapo mezani," mkuu akasema bila hata kumtazama. "Usije ukaondoka nayo."

Darlene akafunga kinywa. Akaivua kadi shingoni. Ukanda wake ulinasa kwenye nywele, naye akauchomoa polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Mkuu akabonyeza; kitufe kikabaki na krimu. Ghorofa ya juu, kwenye ofisi ya kuhudumia wazee, simu ya kwanza ikaanza kulia.