Jina la Siku ya Kwanza Kazini

"Mzee, hiki kipande si chako," afisa uhamiaji, binti kijana, alisema. "Wewe ni Pastory. Hapa pameandikwa Jumanne."

Mzee Pastory alikisogeza kipande tena mbele yake mezani. Alikuwa ametembea hadi Kilosa mjini na karatasi hiyo moja tu, kadi yake ya kazi ya mwaka hamsini na saba, alipoingia nchini kutoka Burundi kukata mkonge. Sasa shamba lilikuwa limeuzwa kwa tajiri, na asiye na kibali cha ukaazi alikuwa ameambiwa ahame kutoka kambi ya wakata mkonge.

"Ni mimi, mwanangu. Jina langu lilimshinda karani. Nilifika siku ya Jumanne, akaniandika Jumanne."

Binti alitikisa kichwa, si kwa ubaya. "Akina Jumanne ni wengi, mzee."

Mzee akaitazama kadi. Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba, wino umefifia, na mstari mweupe umeikata mshazari. Akavuta pedi ya wino bila kuomba ruhusa, akachovya dole gumba, akaligandamiza pembeni mwa fomu yake ya kuomba kibali.

Mstari ule ule. Lilikuwa kovu la utotoni, la siku aliyojikata akichonga mpini wa jembe.

Binti aliinama, akalinganisha mara mbili. Kisha akatabasamu, akafungua kalamu.

"Haya, kwenye kibali niandike jina gani?"

Mzee alijifuta wino kwenye suruali, taratibu.

"Andika Pastory, mwanangu. Jumanne alishastaafu."