Ukurasa Unaofuata

"Umeruka ukurasa tena!" Mkwaya alifoka, akikung'uta mafuta kwenye karatasi aliyofungiwa bhajia.

Bi Sauda, muuza bhajia, alisonya. Bwana huyu zamani alikuwa akigombana na foleni nzima. Siku hizi kila asubuhi husimama pembeni kimya, akisoma karatasi za kufungia zinazochanwa kutoka kitabu kikuukuu cha hadithi, kisha humdai Bi Sauda zinazofuata kana kwamba yeye ndiye aliyekitunga.

"Unakula bhajia au unakula kitabu, baba? Umenichosha!"

"Nataka kujua kama mke alirudi."

Kwa hasira, Bi Sauda alikipekua kile kitabu kilichochanika hadi akaupata ukurasa. Akautupia jicho kuhakikisha.

"Ndio wenyewe?" Mkwaya aliuliza, mkono kaunyoosha.

"Hebu subiri kwanza," alijibu bila kuinua macho, na kwenye karai bhajia zikaanza kuungua.