Jina la Mwenye Duka

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, duka la Donatien lilifungwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kindu.

Halikuwa na mlango wala kufuli. Lilikaa ndani ya simu: picha za vikapu kumi na viwili, bei zake, na juu kabisa jina, Kwa Mama Émilienne. Watu wa Goma waliagiza, wa Kinshasa waliagiza, hata wa ng'ambo ya ziwa. Donatien alisuka, ndege ikabeba. Lakini asubuhi ile vikapu vyote vilikuwa vimepotea, na mahali pake palikuwa na maandishi mekundu ya Kifaransa.

Akakimbia kwa jirani yake Elodie, mwenye kibanda cha kuchaji simu.

"Nisomee, mama. Wameniandikia kama muntu wa deni."

Elodie akasoma, akamgeuzia kwa Kiswahili. "Wanasema kuna muntu amelalamika juu ya jina la mwenye duka. Wamefunga mpaka uhakikishe kama wewe njo mwenyewe, mwenye jina hilo."

"Ni Gauthier, yule muuza ndoo! Tangu vikapu vyangu vianze kupanda ndege, yeye na ndoo zake za plastiki hawanisalimii tena."

"Baba Donatien, Gauthier hata kuzima torchi ya simu yake anakuja kuniomba mimi."

Wakaandikia huduma ya wateja. Akajibu mwanamke anaitwa Nicole, adabu nyingi sana: "Bibi Émilienne, tafadhali jipige picha ukishika karte yako ya utambulisho karibu na uso."

Elodie akacheka mpaka akashika meza. "Bibi Émilienne, nyoa ndevu kwanza!"

Donatien naye akacheka, ingawa hakutaka. Kosa lilikuwa lake. Siku alipofungua duka, simu ilimuuliza: jina la mwenye duka? Alishangaa, ni swali gani hilo? Kwenye mtaa wao bwana anasuka, bwana anabeba, bwana anafukuza mbuzi, lakini duka ni la mama. Basi akajaza jina la mke wake, tarehe yake ya kuzaliwa, na kijiji chake, Tunda. Hakuona ubaya wowote. Kwamba Émilienne alikufa wakati wa vita, simu haikuuliza.

Ilikuwa mwaka 2002. Mji ulizungukwa na bunduki, chumvi ilipotea, na wakubwa wa pande zote mbili walizidi kunenepa. Émilienne na wenzake walivuka mto kwa mtumbwi kutafuta mihogo. Risasi zikalia huko ng'ambo. Jioni pirogi yao ikarudi ikielea peke yake. Donatien hakupata maiti, hakupata kaburi la kupalilia. Duniani kote jina la mke wake lilibaki limeandikwa mahali pamoja tu, juu ya lile duka.

Akamwelezea Nicole yote, kwa vidole vya Elodie. Nicole akatoa pole, kisha akasema: tuma karatasi ya kifo, tutakuandika wewe kuwa mwenye duka, na jina lile la juu litabaki.

Kesho yake Donatien alikuwa kwenye ofisi ya mtaa.

"Marehemu iko wapi?" akauliza shefu.

"Kama ningejua, ningekuja kwako?"

"Leta karte yake."

"Alienda nayo."

"Basi leta mashahidi wawili waliomuona akikufa."

"Shefu, walikuwa naye kwenye pirogi."

Shefu akakuna kichwa muda mrefu, kama serikali yenyewe inafikiri. Miaka ishirini na miwili hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza Émilienne amekwenda wapi. Leo walitaka kujua mpaka jina la bibi yake mzaa mama. Mwishoni shefu akasema muhuri umechoka, unahitaji kuku.

Donatien akaleta jogoo. Muhuri ukapona palepale.

"Nchi hii," akamwambia Elodie aliyekuwa akipiga picha ya ile karatasi, "hata kufa unaomba ruhusa."

"Na ukifa bila jogoo, unarudishwa," Elodie akajibu.

Wakaituma. Siku tatu hakuna jibu. Siku ya nne simu ikalia. Donatien akaomba dakika mbili, akaenda kuvaa shati lake la pasi na kofia ya sikukuu, kana kwamba Nicole atamuona.

"Haya, soma sasa. Niko tayari."

Elodie akaanza kusoma akitabasamu. Halafu akarudi juu, akasoma tena kimoyomoyo.

"Soma basi!"

"Karatasi ya kifo wameikataa."

"Si nilisema? Wakubwa wote ni baba mmoja mama mmoja, wa hapa na wa ndani ya simu! Na jogoo wangu ameshaliwa!"

"Ngoja, baba. Kaa chini kwanza. Muntu aliyelalamika si Gauthier. Ni mwanamke mmoja, iko Kigoma. Aliona kwenye simu duka lenye jina lake. Alipowaandikia, akakuta kumbe limeandikishwa kwa tarehe yake ya kuzaliwa, na kijiji chake, Tunda. Wamemuomba picha, akajipiga na karte yake ya mkimbizi karibu na uso. Nicole anasema wamehakikisha kila kitu. Njo yeye mwenyewe."

Donatien akavua kofia. Elodie akapangusa kioo cha simu kwa kitenge chake, ingawa kilikuwa safi.

"Na ametuma swali, anaomba likufikie wewe unayeuza vikapu. Anasema: 'Bwana yangu waliniambia aliuawa Kindu mwaka 2002. Sasa wewe uliyeshika jina langu, wewe njo nani?'"