Mnunuzi Aliyepiga Magoti

"Siweki sahihi mpaka aape," alisema Mzee Donati, akairudisha kalamu mezani.

Mwenyekiti wa kitongoji alishusha pumzi. Wanunuzi wengine walishakimbia kiapo hicho. Nyumba ilikuwa kando ya barabara kuu pale Mikumi, na kila aliyeitaka alitaka kuibomoa ajenge gesti ya watalii. Nyuma yake kulikuwa na kaburi la Agnesi, mke wa mzee.

Wa kwanza kutaka kaburi hilo liondolewe alikuwa Kelvin, mtoto wao wa pekee. "Mama tumhamishie makaburini, hapa pana biashara," alisema, arobaini haijafika. Mzee alimfukuza. Miaka ikapita hawajatiana machoni.

Sasa miguu ilikuwa imemchosha mzee, na dada yake alikuwa akimsubiri Magole. Akampata Lightness, mwalimu mgeni mwenye sauti ya upole. Binti huyo alimwamkia kwa kupiga magoti, na kila alipokuja alilifagia kaburi kabla ya kuketi.

"Naapa mbele ya Mungu, baba," alisema Lightness. "Mama simgusi. Nitampandia maua."

"Na mumeo? Mpaka leo hajaja hata kunisalimu."

"Yuko safarini, baba. Anafika leo leo. Na nikisema neno, halipingi."

Mzee akatia sahihi. Mwenyekiti akagonga muhuri, akawapa mkono, akaenda zake.

Mzee akazunguka nyuma kumuaga mkewe. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Nimekuachia binti, Agnesi," alinong'ona. "Ana adabu kuliko yule tuliyemzaa. Lala, mke wangu. Hakuna wa kukusumbua."

Gari likaingia uani. Lightness akalikimbilia huku akicheka. Wanaume wawili wakaruka kutoka nyuma na sururu zao. Wa kuandaa bustani, mzee alidhani, akafurahi kwamba binti hakutaka kuchelewesha yale maua.

"Mume wangu huyo, baba, amefika!" Lightness aliita.

Mzee akafuta machozi haraka, asije akaonekana mtu wa ovyo mbele ya mgeni. Akajinyoosha, akageuka, mkono mbele.

"Shikamoo, baba," alisema Kelvin.